Mthamini wa Binti wa Kwanza
(Sehemu ya Saba)

"Mvue taratibu, kaka. Usimvute. Ngozi yake nyepesi, itachanika."

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Fotokopi, sikio limeganda mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kama wiki jana gazeti lako lilifungiwa vitumbua, pole, nitakueleza kwa ufupi. Bi Fotokopi ana kibanda cha kutoa nakala na kupiga laminesheni chini ya jengo moja la maduka. Mumewe, Fundi Saa, ana karakana yake ghorofa ya kwanza ya jengo hilohilo. Kwa majuma matatu bwana huyu amekuwa akifunga kazi saa tisa na kujifungia chumba cha nyuma, anachodai ni stoo ya betri. Jumanne hii Bi Fotokopi alipanda ngazi kimyakimya, na nyuma ya mlango wa stoo ya betri akasikia sauti ya mwanamke.

"Tazama mgongo wake ulivyonyooka," mumewe alijibu, kwa sauti laini ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu fungate. "Miaka yote hii, hana kunyanzi hata moja."

"Wa kwanza siku zote ndiye wa kwanza," mwanamke akasema. "Hao wengine waje mia, hawamfikii."

Wa kwanza! Bi Fotokopi alijijua kuwa ndiye mke wa kwanza na wa mwisho. Kama kuna wa kwanza mwingine, yeye ni wa ngapi?

Hakupiga hodi. Aliusukuma mlango kwa bega, kiatu juu.

"Yuko wapi?"

Fundi Saa aliruka kama aliyeguswa na umeme. Alikuwa amevaa glavu nyeupe za pamba. Ng'ambo ya meza alisimama mwanamke mrefu, suti ya kijivu, naye amevaa glavu kama hizo. Kati yao, chini ya taa nyeupe, hapakuwa na mtu.

"Nani?" Fundi Saa aliuliza.

"Huyo mnayemvua!"

Mumewe akaonyesha kidole mezani. Palikuwa na kijitabu chembamba, nusu yake ndani ya mfuko wa nailoni, nusu nje. Jalada lilikuwa na picha ya msichana aliyevaa barakoa, amesimama juu ya paa, radi zikimtoka viganjani.

"Binti Ngurumo," alisema kwa aibu. "Toleo la kwanza."

Katuni. Bi Fotokopi alipata nafuu, na nafuu hiyo haikumaliza hata dakika moja kabla hasira haijachukua nafasi yake. Miaka mitatu nyuma aliwahi kutua sufuria ya moto juu ya toleo la tisa. Mumewe hakula siku mbili. Kisha akatangaza kwamba amemaliza mambo ya utoto.

"Uliniambia umeviuza!"

"Nilisema nimeviondoa nyumbani."

"Ulisema umeviuza. Kwa kinywa chako. Nikakupikia kuku!"

Fundi Saa akatazama glavu zake. Alimkumbuka kuku yule.

Mwanamke wa suti alikohoa kidogo. "Dada, samahani. Mimi ni mthamini wa kampuni ya bima. Kaka ameniita nikague mkusanyiko wake, matoleo mia na kumi na mawili. Lakini mwenyewe ni huyu wa kwanza. Nakala zake zilizosalia duniani zinahesabika kwa vidole, na hii ni safi kuliko zote nilizowahi kuziona. Thamani yake inanunua nyumba mbili nzuri."

"Kaka?" Bi Fotokopi alishusha kiatu na kukivaa. "Kama huyu ni kaka yako, basi sisi ni mawifi. Mbona harusini sikukuona, wifi?"

Mthamini akacheka, tena kicheko kizuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Bi Fotokopi. Mtu mbaya anapaswa kuwa na kicheko kibaya.

Mthamini! Hebu lionjeni neno lenyewe. Bi Fotokopi ana miaka kumi na moja ya ndoa, na hajawahi kupata mtu wa kumthamini kwa cheo na barua. Vikaratasi vya msichana mwenye barakoa vimepata wake, na gari limemleta.

"Kwa hiyo Binti anakatiwa bima," alisema polepole. "Mimi mkeo sina bima hata ya ukucha."

"Wewe huchaniki," mumewe akajaribu utani.

Hakuna aliyecheka.

Mthamini, kama mtu anayejua wakati wa kurudi kazini, akaanza kueleza. Jua litamfubaza Binti. Unyevu utamwotesha ukungu. Vidole vya mtu vina mafuta, ndiyo maana ya glavu. Asilazwe chini ya mzigo, asimamishwe wima ndani ya kasha la chuma, na chumba kiwe cha juu kama hiki, kwa sababu bomba likipasuka maji hukimbilia vyumba vya chini.

"Na huu mfuko umezeeka, umeanza kugeuka manjano," aliendelea. "Ijumaa nitaleta plastiki nyingine, imara, tumfunge vizuri asiingiwe na kitu. Nitaleta na fomu. Mpaka isainiwe na mimi nigonge muhuri, hana bima. Kwa hiyo kasha lisifunguliwe. Likitokea la kutokea kabla ya hapo, hasara ni yenu."

"Plastiki ninazo mimi," Bi Fotokopi akadakia. "Za aina tatu. Nyembamba, ya kati na nzito. Mtaa mzima unaniletea vyeti vyao."

Fundi Saa alimtazama, kisha akamtazama mthamini, kisha akatabasamu lile tabasamu la kuombea mtu msamaha.

"Mke wangu, hii kazi ni ya watu waliosomea."

Neno hilo lilimwingia Bi Fotokopi mpaka kwenye mifupa. Hakujibu. Mwanamke akinyamaza hivyo, mume mwenye akili huahirisha usingizi. Fundi Saa alilala fofofo.

Jumatano ilikuwa mateso. Asubuhi, "Mthamini amesema chumba kisizidi joto." Mchana, "Mthamini amesema nina macho ya mtaalamu." Jioni, mbele ya sahani, "Unajua mthamini amesema nini kuhusu toleo la arobaini?"

"Amesema ule, au niondoe?"

Akala. Lakini alikula huku akitabasamu peke yake, na Bi Fotokopi akahesabu tabasamu zile moja moja. Wivu ulimpanda mpaka akahisi ladha yake mdomoni. Angekuwa na mpinzani wa midomo myekundu angejua pa kuanzia. Huyu alimshinda kwa kujua kutunza. Yaani mwanamke mwingine amekuja kumfundisha mumewe jinsi kitu cha thamani kinavyotunzwa!

Alhamisi saa tano Fundi Saa aliitwa hospitali kubwa ya ng'ambo ya mji kurekebisha saa za ukutani. Alishuka ngazi na mkoba wake, akapita kibandani, akamwachia mkewe funguo zote.

"Mteja akija kuchukua saa, mpe. Narudi jioni."

Aliziweka mezani kama mtu anayeweka kisu mbele ya mwenye njaa, na kuondoka akipiga mluzi.

Bi Fotokopi alizitazama funguo hizo kwa robo saa. Hakuwa na nia mbaya, nami namtetea hapa mbele yenu nyote. Alitaka siku ya Ijumaa mthamini afike na plastiki yake ya kusomea, afungue kasha, amkute Binti ameshahifadhiwa, anang'aa, hewa haipiti, vidole haviingii. Alitaka mumewe aseme, "Kumbe hata mke wangu." Ni hayo tu.

Ukiwa na moyo mwepesi, ruka hadi pale mteja anapokuja.

Alimshusha Binti kibandani ndani ya bahasha. Akafunga mlango. Akawasha mashine, akasubiri taa ya kijani. Kurasa zilikuwa zimeshonwa kwa pini mbili, na mashine haipokei kitabu, inapokea karatasi. Basi akazing'oa pini, kwa uangalifu mkubwa, akazifunga kwenye tishu. Karatasi zilikuwa zimekunjwa katikati. Akaziweka kwenye kikata karatasi, akapima kwa rula na kushusha mkono. Ule mgongo ulionyooka ukatengana kwa mlio mmoja mkavu.

Kisha akaanza. Plastiki ile nzito, bei ya juu. Ukurasa uliingia mdomoni mwa mashine ukiwa hafifu, ukatokea upande wa pili una joto, mgumu, unameremeta. Alizipitisha zote, jalada mwisho. Hakuna hata moja iliyoingia povu. Kwa kazi ya laminesheni, ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Mwisho akazitoboa matundu pembeni na kuzibana kwa springi nyeusi ya plastiki, kama anavyofanya kwa wanafunzi wa chuo wanaotaka kumaliza salama.

Alimrudisha Binti kwenye kasha. Alitaka kuimba.

Saa tisa alasiri mlango wa kibanda ukagongwa. Mteja alikuwa mthamini.

"Wifi!" alisema kwa furaha ya kweli. "Mashine ya ofisini imekwama. Nikakumbuka nina ndugu mwenye fotokopi. Kurasa nne, nakala mbili mbili."

Bi Fotokopi akazipokea kwa ncha za vidole. Ilikuwa ripoti ya ukaguzi. Sasa, watu wa kazi hii huwa hawasomi makaratasi ya wateja. Hivyo ndivyo wanavyosema. Alinyanyua kifuniko, akalaza ukurasa wa kwanza, na jicho likaenda lenyewe kwenye mstari ulioandikwa MMILIKI.

Palikuwa na jina lake. Majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Hili jina..."

Mthamini akajipiga paji la uso. "Ah, nimeharibu! Kaka alitaka uijue kesho. Wiki ya kwanza tu aliniambia, mmiliki ni mke wangu. Ndugu zake, anasema, akifa leo watagawana vitabu hivi kama karanga. Anataka viwe vyako ukiwa hai, viwe vyako yeye akiwa hayupo. Tumelipanga muda mrefu."

Tumelipanga. Furaha ilimjia Bi Fotokopi, kubwa, ikamjaa kifuani, na nyuma yake tu ukaja wivu. Mwanamke huyu aliijua zawadi yake kabla yake! Alikaa nayo majuma matatu. Aliichekea, aliizungusha mdomoni, na yeye mwenye zawadi alikuwa chini ya ngazi akipiga laminesheni leseni za watu.

Akalaza ukurasa wa pili. Akalaza wa tatu. Jicho likaenda tena.

"Toleo la kwanza lisiguswe kwa gundi, utepe wa kunata, joto wala laminesheni. Tendo lolote kati ya hayo litaondoa thamani yake yote, na bima haitakuwa na nguvu."

Mashine ilimulika mara moja, ikanyamaza. Nakala ikatoka imepinda, neno "laminesheni" limekatwa katikati.

"Kwani," Bi Fotokopi aliuliza bila kugeuka, "laminesheni ina ubaya gani?"

"Usinikumbushe, wifi. Joto na gundi vikishaingia ndani ya karatasi havitoki tena. Niliwahi kumkuta mzee mmoja amelifanyia hivyo jarida la baba yake. Kwa mapenzi tu, alidhani analitunza. Nilikaa ngazini nikalia." Akafungua pochi. "Ni kiasi gani?"

"Acha tu."

"Hapana, kazi ni kazi."

"Nimesema acha!"

Mthamini akamtazama. Akaitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka juu ya karatasi iliyopinda. Kisha akachukua nakala zake, akashukuru na kwenda zake.

Usiku huo Bi Fotokopi alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza mumewe alikuwa akipiga pasi shati, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mara ya pili alikuwa akimuuliza, "Kesho utavaa lile gauni la bluu? Una mahali pa kusaini." Mara ya tatu alikuwa ameshalala, uso wake umetulia kama wa mtoto anayengojea sikukuu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hata kusema tu kwamba yamemwagika kuna watu hushindwa.

Ijumaa saa nne alipanda ngazi katika gauni la bluu na moyo uliokwisha kuamua. Atamwita mumewe kando. Atamwambia yeye peke yake, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Alie, apige ukuta, asile siku mbili, asile hata wiki. Wataumia wawili, watapona wawili.

Akafungua mlango wa karakana.

Mthamini alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja, mkono ameunyoosha. Fundi Saa ameinama mbele yake, ameshika kifundo cha mkono ule kwa vidole viwili, anamfungia saa. Wote wawili walikuwa wakicheka.

Ilikuwa saa ya mteja, na mikanda ya saa ndiyo kazi yake. Yote hayo Bi Fotokopi aliyajua. Lakini ile iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe ilikuwa imesimama saa mbili na dakika kumi tangu mwaka juzi, na kila akimwambia mumewe, jibu ni kesho. Ya huyu imetengenezwa kabla fomu haijasainiwa.

Uamuzi wote aliopanda nao ngazi ulikauka hapohapo.

"Mke wangu!" Fundi Saa alinyanyuka, amevaa lile shati la pasi. "Njoo. Kaa. Najua umeshaambiwa, mthamini ameniungamia. Haidhuru. Vitabu ni vyako. Vyote, na Binti wa Kwanza mbele yao. Mtu akiniuliza nina nini duniani, nitasema nina mke, na mke ana mali."

Macho yake yalikuwa na maji. Mbele ya mtu baki, maji yalikuwa yamesimama machoni pa Fundi Saa.

"Kuna swali moja tu," mthamini alisema, akisogeza fomu. "Lazima mmiliki alijibu kwa mkono wake. Hili hapa."

Bi Fotokopi akasoma. *Tangu siku ya ukaguzi, je, hali ya mali imebadilika kwa namna yoyote?*

Palikuwa na visanduku viwili. Ndiyo. Hapana.

Angeweza kumwambia mumewe. Angeweza kumwambia padri, shehe, hata hakimu. Lakini aseme mbele ya huyu? Aone ile sura ya huruma, ile ya ngazini? Mumewe amgeukie nani kuuliza kama Binti anaweza kutengenezeka? Watainamiana tena chini ya taa nyeupe, wawili waliosomea, na yeye asimame pembeni kama mwenye hatia ya sufuria ya pili.

Akachukua kalamu. Akatia alama kwenye Hapana. Akasaini majina yote matatu.

"Nakuletea Binti wako!" Fundi Saa akasema, akachukua funguo na kukimbilia chumba cha nyuma.

Wakabaki wawili. Mthamini hakuichukua fomu. Aliinama mbele, akasema kwa sauti ya chini.

"Dada. Jana ulitetemeka kwenye ukurasa wa tatu. Kibandani kwako mashine ya laminesheni ilikuwa bado ya moto, na hapakuwa na mteja hata mmoja."

Bi Fotokopi akairudisha kalamu mezani.

"Uongo kwenye fomu hii ni kesi. Watu wamefungwa. Lakini sijagonga muhuri, na bila muhuri hiyo ni karatasi tu. Sema neno, niichane sasa hivi. Nitamwambia kaka mwenyewe, kwa upole. Nitasimama upande wako."

Kutoka chumba cha nyuma ilisikika kufuli ikifunguka, na mlio wa kasha la chuma likiburutwa.

Mlango ulikuwa wazi kabisa, msomaji. Neno moja lilitosha, na aliyekuwa akimpa nafasi hiyo hakuwa na sababu ya kumpa. Bi Fotokopi aliutazama mkono ule uliokuwa tayari kuichana karatasi. Aliitazama saa inayotembea. Akalirudia kichwani lile neno, *kaka*, na lile jingine, *kwa upole*.

Fundi Saa akatokea mlangoni, kasha amelikumbatia kifuani, jasho na furaha vikimtiririka.

"Bado tu?" aliuliza. "Mnasubiri nini?"

Mthamini alikuwa ameshaunyanyua muhuri. Aliushikilia hewani, macho yake yakiwa kwa mwanamke wa gauni la bluu, yakimwomba.

"Nigonge, dada?"

Bi Fotokopi akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Gonga."